LSAT Haina Silabasi

Sisi tuliosomea Afrika Mashariki tunaijua tuisheni ya aina moja. Mwalimu anasimama ubaoni Jumamosi asubuhi, anamalizia mada ambazo shule haikuzigusa, anagawa pasti pepa, kisha anabashiri maswali yatakayotoka. Mtu akihamia huku Marekani, au mwanawe akazaliwa huku na sasa anataka kusomea sheria, huanza kumtafuta mwalimu binafsi wa LSAT akiwa na picha hiyohiyo kichwani. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea. LSAT haina silabasi. Hakuna mada ya kumaliza, hakuna vifungu vya kukariri, na hakuna swali hata moja linalokutaka uijue sheria.

Kwa wasioufahamu mtihani huu, nitaueleza kwa ufupi. Huku sheria haisomwi moja kwa moja baada ya sekondari kama ilivyo Dar es Salaam au Nairobi. Mtu humaliza kwanza shahada yake, iwe ya uhasibu, historia au baiolojia, ndipo huomba chuo cha sheria kwa shahada ya JD ya miaka mitatu. Katika maombi hayo, alama za LSAT na wastani wa alama za chuo ndivyo vitu viwili vyenye uzito mkubwa. Mtihani ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na unaendeshwa na LSAC, shirika lisilo la kibiashara lenye makao Newtown, Pennsylvania. Una sehemu nne za dakika 35 kila moja. Tatu ndizo zinazohesabiwa: mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu. Ya nne ni ya majaribio tu, LSAC huitumia kupima maswali yake mapya, lakini mtahiniwa haambiwi ni ipi. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Alama huanzia 120 hadi 180. Kuna pia insha ya dakika 50 inayoandikwa kando na isiyotiwa alama. Vyuo hutumiwa nakala yake, lakini sioni sababu ya kumlipa mtu akufundishe hiyo.

Hadi katikati ya 2024 kulikuwa na sehemu nyingine, ile ya mafumbo ya mantiki: watu saba wamekaa kwenye viti saba, Juma hakai karibu na Asha, nani yuko katikati? Iliondolewa kuanzia mtihani wa Agosti 2024, baada ya mapatano ya mwaka 2019 katika kesi ya mtahiniwa asiyeona. Alikuwa amelalamika kwamba mafumbo yale yanamtaka mtu achore michoro, jambo asiloweza. Mabadiliko haya yana maana kubwa kwa anayetafuta mwalimu. Mafumbo ndiyo yaliyokuwa rahisi zaidi kufundishika. Mwanafunzi akishajua kuchora, alama zilipanda ndani ya wiki chache na mwalimu akaonekana bingwa. Kilichobaki sasa ni kusoma na kupima hoja, na mambo hayo hupanda polepole kwa kila mtu. Mwalimu anayekutumia kijitabu chenye sura ya mafumbo hajagusa vifaa vyake tangu utaratibu ubadilike, na wewe usimguse.

Sasa, kama hakuna mada za kufundisha, mwalimu analipwa kwa kazi gani? Chukua swali hili, nimelitunga kwa mfano wa yale ya sehemu ya hoja. Halmashauri ya mji ilifunga taa katika mtaa uliosumbuliwa na wizi. Mwaka uliofuata, taarifa za wizi zilizofika polisi kutoka mtaa huo zilipungua kwa nusu. Kwa hiyo taa zimewazuia wezi. Hoja hii inategemea dhana gani? Mtihani wenyewe hutoa majibu matano, hapa nitatoa matatu. A: kufunga taa ni nafuu kuliko kuajiri askari zaidi. B: kupungua kwa taarifa hakukutokana tu na wakazi kuacha kuripoti wizi. C: wezi wote huogopa mwanga.

Wanafunzi wengi huikataa A upesi, kisha wanakwenda C. Mwizi gani apende mwanga? Mwalimu wa kawaida atasema jibu ni B, ataeleza kwa ufasaha kwa dakika tano, mwanafunzi ataitikia kwa kichwa, na wataendelea na swali la pili. Saa itakwisha wote wawili wameridhika. Wiki inayofuata mwanafunzi atakosea kulekule, maana alichoelewa ni maelezo ya mwalimu, na njia yake mwenyewe ya kufikiri haikuguswa.

Mwalimu mzuri hufunga mdomo. Husema, “Haya, nipeleke ulikopita. Ulisoma nini, ukaona nini, ukaiachia wapi B?” Mwanafunzi anapoanza kueleza ndipo tatizo linapojitokeza: “Mwalimu, C ndiyo inayounganisha taa na wezi.” Kumbe alikuwa anatafuta jibu linaloisaidia hoja, na swali lilitaka lile ambalo hoja haiwezi kusimama bila yake. Mwalimu anamwambia azikanushe zote mbili. Kanusha C: baadhi ya wezi hawaogopi mwanga. Je, hoja imeanguka? Hapana, wale wanaoogopa wanatosha kuleta tofauti. Kanusha B: taarifa zilipungua kwa sababu tu watu wamechoka kwenda kituoni. Hapo hoja haina kitu tena, taa zinaweza kuwa hazikufanya lolote. Njia hii ya kukanusha ipo katika vitabu vingi vya LSAT. Kitabu, hata hivyo, hakiwezi kukwambia kwamba wewe, mara kwa mara, huvutwa na jibu lenye neno zito kama “wote” au “daima” kila hoja inapoonekana inakubalika maishani. Ugunduzi huo ndio unaolipiwa.

Makosa ya watu hayafanani. Kuna mwanafunzi ambaye ni muuguzi wa miaka mingi. Akikutana na hoja kuhusu dawa, huchagua jibu ambalo ni kweli hospitalini lakini halitokani na maneno yaliyo mbele yake. Mwingine husoma hitimisho kama utangulizi kwa sababu limewekwa mwanzoni mwa aya. Mwingine anaelewa kila kitu, ila hubaki na majibu mawili na kila mara hukimbilia lile refu. Wote watatu wanaweza kupata alama zilezile. Ukiwaweka darasa moja na kuwafundisha somo moja, umewapotezea muda angalau wawili kati yao. Hii ndiyo hoja pekee yenye nguvu ya kuwa na mwalimu wa mtu mmoja badala ya kozi ya watu thelathini.

Lakini mwalimu hawezi kugundua kitu kama hakuna kazi ya kuchunguza. Ndiyo maana nashauri watu wasianze na mwalimu. Anza peke yako kwa miezi miwili, mitatu, ukifanya sehemu moja moja chini ya saa. Dakika 35 kwa maswali takriban 25 ni chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Ukimaliza, usiangalie majibu kwanza. Rudia yale yote uliyokuwa na shaka nayo, safari hii bila saa, ukae na kila swali hadi uridhike, uandike jibu lako la pili pembeni ya la kwanza. Hapo ndipo usahihishe. Utakuwa na alama mbili, ya mbio na ya utulivu. Kama ya utulivu iko juu sana, uelewa upo na kinachokwamisha ni muda. Kama zote mbili ziko chini, achana na saa kabisa kwa sasa; kukimbiza maswali usiyoyaelewa ni kujizoesha kukosea haraka. Yale uliyokosa mara zote mbili yaingize kwenye daftari: aina ya swali, jibu ulilochagua, na kwa maneno yako mwenyewe, kwa nini lilikuvutia. Mwanafunzi anayekuja kwa mwalimu na daftari la namna hiyo hupata kwa saa moja kile ambacho mwenzake hatapata kwa saa sita.

Upande wa ufahamu, sina budi kuwa mkweli kwamba mwalimu husaidia kidogo. Matini huwa nne, kuhusu sheria, sayansi, sanaa na jamii, na mojawapo ni jozi ya vifungu viwili vya kulinganishwa. Wasomaji ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu hudhani kikwazo chao ni msamiati. Mara nyingi sivyo. Wanasoma kila sentensi kwa uzito sawa, wakifika mwisho wanajua mambo mengi ila hawajui mwandishi alikuwa anabishana na nani. Mwalimu anaweza kumsimamisha mtu kila mwisho wa aya na kumuuliza aya hiyo imewekwa hapo kufanya kazi gani. Zaidi ya hapo ni mazoea ya kusoma makala ndefu na kavu kila siku, na hayo hakuna wa kukufanyia.

Vifaa visiwe tatizo. Mtandao wa LSAC uitwao LawHub una mitihani michache ya bure, na ukilipia ada ya mwaka unafunguliwa zaidi ya 50 iliyowahi kutumika kweli. Masomo ya bure ya Khan Academy, ambayo wengi bado wanayapendekeza, yalifungwa katikati ya 2024. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba LSAC iwasamehe ada, na msamaha huo hujumuisha mtihani wenyewe pamoja na huduma ya LawHub. Omba mapema, kabla hujajisajili. Wenye ulemavu nao waombe mapema nyongeza ya muda. Ila maswali ya kutunga, pamoja na lile la taa nililotunga mimi, yanafaa kwa mfano tu. Mazoezi yafanywe kwa mitihani halisi.

Bei za walimu hutofautiana mno, kuanzia makumi ya dola kwa saa hadi mamia. Si upuuzi kulipa, kwa sababu vyuo vingi hugawa ufadhili wa masomo kwa kuangalia alama hizi, na tofauti ya pointi chache inaweza kuwa maelfu ya dola kwa mwaka. Upuuzi ni kulipa kwa kufuata alama za mwalimu peke yake. Kila jamii ina kijana wa mjomba aliyepata 175, anayesifiwa kwenye kila harusi, na ukimuuliza alijuaje jibu ni B atakwambia aliliona tu. Huyo amebarikiwa, lakini hafundishi. Omba kipindi kimoja cha majaribio, upeleke maswali matano uliyokosa, uhesabu nani amezungumza zaidi. Akiwa yeye, mshukuru uondoke. Anayekuahidi idadi ya pointi zitakazopanda usimpe hata hicho kipindi.

Kuna swali moja ambalo mwalimu mwaminifu huuliza kabla ya kuchukua senti: je, unauhitaji mtihani huu? Mtu aliyekuja na shahada ya sheria ya Tanzania, Kenya au Uganda huenda akawa na njia fupi. Shahada ya uzamili ya sheria, LLM, ni ya mwaka mmoja na kwa kawaida haidai LSAT. Jimbo la New York, kwa mfano, huwaruhusu waliosomea sheria nje ya Marekani kufanya mtihani wake wa uwakili wakitimiza masharti, na LLM ni mojawapo ya njia za kuyatimiza. Nimeona watu wakijifungia na LSAT wakati nyaraka zao zilikuwa zinawaruhusu kupita kwingine.

Kwa atakayeendelea, ajue kwamba LSAC inaruhusu kufanya mtihani mara tano katika kipindi cha miaka mitano, na saba kwa maisha yote, na vyuo huziona alama zote za kipindi hicho hata kama vingi huhesabu ya juu. Kwa hiyo usifanye mtihani halisi “kuonja”, mitihani ya zamani ipo kwa kazi hiyo. Wala usinunue kifurushi cha saa ishirini kwa mkupuo, hata kikipunguzwa bei. Lipia kipindi kimoja kimoja. Siku utakapoweza kuyachukua makosa yako ya wiki nzima na kueleza, bila kusaidiwa, kila moja lilitoka wapi, mwambie mwalimu kwaheri, hata kama mtihani bado uko mwezi mzima mbele. Muda uliobaki utumie kufanya mitihani kamili, saa ikiwa mezani.