Fahamu: Kwa nini Mlima Meru haupandwi kwa pupa

Ukiwa Arusha mjini, Mlima Meru unaonekana jirani, na ndiyo maana wengi huuona mwepesi. Lakini kutoka lango la Momella, karibu mita 1,500, hadi kileleni, mita 4,566, mpandaji huongeza kimo cha mita 3,000 hivi kwa siku chache tu, akisindikizwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Wapo wanaosema hatari iko Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Hata hivyo mapafu hayajui jina la mlima: usiku wa kuelekea kileleni kutoka kambi ya Saddle, hewa ni haba na maji yanaweza kuganda chupani. Siku ya ziada kabla ya kilele huongeza gharama, kweli, ila humpa mpandaji, na mpagazi wake, muda wa kuzoea hewa hiyo.