Kiasi cha Adhabu

Neno kisasi tulilipokea kutoka Kiarabu. Katika asili yake lina maana ya usawa, yaani jaza isiyozidi kosa wala kupungua chini yake. Katika vinywa vyetu likageuka kuwa kulipiza, na mwenye kulipiza ni nadra kupima. Hata hivyo mizani ile ya asili ndiyo tunayoitafuta kila tusikiapo hukumu ya mauaji, tukaulizana nyumbani mbona huyu amepewa miaka michache na yule kifungo cha maisha.

Mahakama zetu za Kadhi zina mamlaka ya ndoa, talaka na mirathi, si ya jinai. Damu iliyomwagika nchini hupimwa na sheria ya dola, nayo kwa miaka mingi haikupima. Aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kifo, basi. Jambazi aliyemvizia msafiri na mke aliyemuua mume baada ya kuteswa miaka nenda miaka rudi, wakikutwa na hatia hiyo moja, hukumu yao ilikuwa moja. Mwezi wa Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ulazima huo unapingana na Katiba. Adhabu ya kifo haikufutwa. Kilichoondoka ni kumfunga jaji mikono asisikilize hali ya mkosaji kabla ya kumhukumu.

Hiyo ni mizani ya muuaji mmoja. Je, wauaji wakiwa ni mtaa mzima?

Ndilo lililoikuta Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Miaka michache baadaye magereza yalikuwa na wafungwa zaidi ya 100,000, na mahakama za kawaida zisingewamaliza katika umri wa mtu. Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani. Wiki moja baadaye, mjini Arusha, Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa mauaji yale, alikiri makosa yake mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa. Mahakama hiyo haikuwa na adhabu ya kifo, na mwezi wa Septemba akapewa kifungo cha maisha. Waliouawa ni wale wale. Aliyeshika hatamu za serikali akabaki hai. Rwanda yenyewe ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007.

Kesi nyingi zilipelekwa kwenye gacaca, mabaraza ya vijijini ambamo majirani waliochaguliwa kwa uadilifu wao walikaa kuwahukumu majirani. Kwa sheria ya 2004, muuaji aliyekataa kukiri alikabiliwa na kifungo cha miaka 25 hadi 30. Aliyekiri mapema, kabla jina lake halijaorodheshwa, alipata miaka 7 hadi 12, na nusu yake aliitumikia nje ya gereza kwa kazi za umma. Aliyepora mali alitakiwa kuilipa tu. Mabaraza yalipofungwa Juni 2012 yalikuwa yamesikiliza karibu kesi milioni mbili.

Miaka saba kwa roho ya mtu! Tunakiri kwamba moyo unakataa. Na sisi tuliofundishwa kwamba kumsamehe muuaji au kupokea dia ni haki ya warithi wa aliyeuawa, tunaona ugumu mwingine: hapa aliyepunguza ni dola, na mjane hakuombwa ruhusa.

Lakini mjane yule alikuwa na haja ambayo miaka 30 isingemtimizia. Alitaka kujua mumewe na wanawe walitupwa wapi, apate kuwazika. Anayelijua shimo ni muuaji. Kwa hiyo twaona punguzo lile lilikuwa na uhalali pale tu ukweli ulipotolewa wote. Aliyetaja wawili akawaficha watano alipokea bei kamili kwa bidhaa pungufu, na manusura wengi walilalamika kwamba ndivyo walivyotendewa.

Waliotumikia nusu ile ya nje walichimba matuta milimani, wakavunja mawe ya barabara, wakajenga nyumba, baadhi yake za manusura. Jioni mfungwa akiondoka, mwenye nyumba hubaki akizitazama kuta, na kila mara huamua upya kama ataingia.