Baiskeli ya milimani: springi moja au mbili?

Wasikilizaji kadhaa wameniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mtu anayetaka kuendesha baiskeli katika vijia vya msitu wa Karura, au kule Hell's Gate karibu na Naivasha, anunue ipi: yenye springi mbele tu, au yenye springi mbele na nyuma? Mmoja wao amesema ana pesa za kununua mara moja tu, na akikosea hana nyingine. Leo namjibu huyo hasa.

Baiskeli hizi zilipoanza katika vilima vya California, Marekani, miaka ya 1970, hazikuwa na springi hata moja. Vijana waliteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za matairi manene, na mikono yao ndiyo iliyopokea kila jiwe. Springi za mbele zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na za nyuma zikaenea baadaye. Kazi yake si kukustarehesha kama kochi. Ni kulizuia tairi lisiachane na ardhi, kwa maana tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona.

Sasa basi, springi ikibonyezwa hurudi, na ikirudi kwa nguvu humrusha mwendeshaji. Iliyotengenezwa vizuri ina mafuta ndani yanayopunguza kasi hiyo. Ya bei rahisi mara nyingi haina. Ni chuma kilichosokotwa, basi. Ukiwa dukani, kandamiza kiti kwa uzito wako wote kisha uachie. Kikidunda mara mbili tatu kama kitanda cha zamani, iache baiskeli hiyo papo hapo, hata muuzaji akiapa.

Na hebu jiulize: fremu ina maungio ya ziada, ina springi ya pili, na bado bei ni sawa na ile ya springi moja? Gharama imepunguzwa mahali, na aghalabu ni kwenye breki, gea na rimu, yaani vitu vinavyokulinda usivunjike shingo. Huko Marekani kwenyewe baadhi ya baiskeli za namna hiyo huuzwa zikiwa na kibandiko kinachoonya zisiendeshwe nje ya barabara, ingawa kwa sura ungedhani zinakwenda Kilimanjaro.

Halafu kuna kupanda. Springi mbovu ya nyuma hunesa kila unapokanyaga pedali, na nguvu zako huishia humo badala ya kwenda kwenye gurudumu. Ongeza uzito wake. Ongeza vumbi na ule udongo mwekundu wa Karura wakati wa mvua, unaoingia kwenye maungio na kuyala taratibu. Fundi wa mtaani atakunyooshea rimu na kukaza spoku vizuri sana, lakini si wengi wenye vifaa vya kufungua springi ya hewa na kubadilisha mipira yake.

Sisemi springi mbili hazina maana. Anayeteremka kwenye mawe na mizizi kila wiki, na ana uwezo wa kuitunza, achukue nzuri yenye mchezo wa milimita 120 hadi 150. Mgongo wake utamshukuru. Zile za milimita 200 ni za kuteremkia tu. Kuzipandisha mlima ni adhabu.

Wewe wa pesa mara moja, chukua ya springi ya mbele tu, mchezo wa milimita 100 hadi 120, yenye breki za diski, na zikiwa za mafuta ni bora zaidi. Magurudumu ya inchi 29 hupita juu ya mizizi kwa urahisi. Ya inchi 26 viwanda vikubwa vimeyapa kisogo, lakini mtumba imara wa inchi 26 naupendelea kuliko mpya wa kurembwa, mradi ukague fremu pale ilipochomelewa usikute ufa. Ipande, ukanyage chini kwa miguu yote miwili: kati yako na bomba la juu pabaki nafasi ya vidole vitatu au vinne.

Chenji ikibaki, anza na helmeti. Kisha pampu na viraka, maana Hell's Gate kuna miiba ya migunga. Habari za matairi tuziache hadi wiki ijayo.