Fisi maji: Mzuri kwenye simu, mkali mtoni

Njombe. Mtoto akishika simu ya mzazi wake siku hizi hachelewi kukutana naye: mnyama mdogo wa kahawia, masharubu kama ya paka, anapokea kipande cha samaki kwa vidole vyake kama mtu aliyefundishwa adabu ya mezani. Ni fisi maji. Video ikiisha, swali linalofuata karibu kila nyumba ni lile lile: na sisi tunaweza kumfuga?

Kwa mtoto wa ghorofani Dar es Salaam, swali linaishia hapo. Kwa mtoto wa Uwemba haliishii hapo. Kata hii ya Halmashauri ya Mji wa Njombe ni nchi ya vilima na mabonde, na mabondeni kuna vijito. Kiangazi kikiingia, familia zinashuka kulima vinyungu, na watoto wanashuka nazo kumwagilia mboga, kuchota maji, kufua na, wazazi wakigeuka, kupindua mawe ili kukamata kaa. Fisi maji naye huishi kwenye mito na vijito vya nyanda za juu, na kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya kupindua mawe kutafuta kaa.

Mimi naandika habari za afya, si za wanyamapori. Kilichonivuta kwa mnyama huyu ni meno yake.

Ndugu yake nyegere

Jina linapotosha. Fisi maji si fisi, wala hana udugu wowote wa karibu na fisi. Ukoo wake ni ule wa kicheche na nyegere. Aliyewahi kusikia warina asali wakimzungumzia nyegere hahitaji maelezo zaidi kuhusu tabia ya ukoo huo: mwili mdogo, moyo mkubwa, na kutorudi nyuma.

Tanzania ina aina mbili. Wa kwanza ni fisi maji asiye na kucha, na huyu ndiye mkubwa. Kwa kawaida ana kilo 10 hadi 20, yaani jitu zima la aina hiyo linakaribia uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na ukimpima pamoja na mkia anaweza kufika mita moja na nusu. Miguu yake ya mbele ni kama viganja vya mtu, na hupapasa nayo chini ya mawe bila hata kuangalia. Hutoka zaidi alfajiri, jioni na usiku, saa ambazo mtoto aliyetumwa maji huwa peke yake.

Wa pili ni fisi maji mwenye madoa shingoni. Huyu ni mdogo, wa kilo nne hadi sita hivi, ana kucha, na chakula chake kikubwa ni samaki. Ziwa Victoria ndiko anakojulikana zaidi. Wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo humwona mchana kweupe, akiogelea kwa makundi karibu na ufukwe.

Sasa turudi kwenye meno. Fisi maji asiye na kucha ana magego mapana yaliyoumbwa kwa ajili ya kusaga magamba ya kaa. Mama yeyote aliyewahi kupika kaa anajua gamba lile linavyokataa hata kisu. Kinywa kinacholivunja mara kadhaa kwa siku hakipati taabu kwenye kidole cha mtoto.

Waliokutana nayo

Mwishoni mwa mwaka 2021, nchini Singapore, mwanamume mmoja alikuwa akitembea alfajiri kwenye bustani ya mimea ya jiji hilo. Mkimbiaji mwingine akalikumba kundi la fisi maji gizani, wao wakamrukia huyu aliyekuwa karibu. Alieleza baadaye kuwa aling'atwa mara 26 ndani ya sekunde kama 10, na hakuwa amewafanya lolote.

Agosti 2023, wanawake watatu walikuwa wakielea juu ya maboya kwenye Mto Jefferson, jimbo la Montana nchini Marekani. Fisi maji aliwavamia majini, na mmoja wao ilibidi asafirishwe kwa helikopta hadi hospitali. Mwezi uliofuata, Florida, mwanamume aliyekuwa akilisha bata kwenye mji wa Jupiter aling'atwa mara 41. Huyo fisi maji alipopimwa alikutwa na kichaa cha mbwa. Tutamrudia.

Mwaka huo huo wa 2023 fisi maji wa baharini aliyepewa namba 841 alikuwa akiwapanda watelezaji wa mawimbi huko Santa Cruz, California, anawapokonya mbao zao na kuzitafuna. Dunia ilicheka. Wahifadhi hawakucheka, walijaribu kumkamata kwa wiki kadhaa wakamshindwa, kwa sababu mnyama wa porini asiyemwogopa tena binadamu ni ajali inayosubiri siku yake.

Lakini kisa ninachopenda wazazi wakisikie ni cha zamani zaidi, na kinahusu fisi maji wa kufugwa. Mwandishi wa Scotland, Gavin Maxwell, aliyepata umaarufu mwaka 1960 kwa kitabu chake kuhusu maisha na wanyama hawa, alikuwa na jike aliyeitwa Edal, wa aina isiyo na kucha, aliyeletwa kutoka Afrika Magharibi. Edal alilelewa kwa mkono, akipewa chakula, kitanda na jina. Siku moja alimgeukia kijana aliyekuwa akisaidia kumtunza, Terry Nutkins, na kumkata ncha za vidole viwili. Nutkins alikuja kuwa mtangazaji maarufu wa vipindi vya wanyama kwenye televisheni ya Uingereza, na watoto wa huko walikua wakiviona vidole vyake vilivyokatika kwenye skrini.

Visa hivi ni vichache ukilinganisha na idadi ya watu wanaopita karibu na fisi maji bila hata kujua. Kwa kawaida akisikia mtu huzama na kupotea. Hubadilika akiwa na watoto, akishtukizwa karibu na shimo lake, akizuiwa njia ya kurudi majini, au akiwa mgonjwa. Mama mwenye watoto wawili au watatu shimoni hapimi kwanza kama aliyekanyaga majani ni adui au ni mtoto wa darasa la pili mwenye ndoo.

Kidonda kidogo, siku chache za kuokoa

Kwenye familia, jeraha la kung'atwa hupimwa kwa damu. Damu ikiwa nyingi tunakimbia, ikiwa kidogo tunapaka kitu. Kwa kung'atwa na mnyama wa porini kipimo hicho hakifai. Meno ya fisi maji hutoboa kwa kina na kuacha tundu dogo juu, na uchafu wa mtoni unabaki ndani ya nyama. Kuna hatari ya kidonda kutunga usaha, kuna pepopunda, na juu ya yote kuna kichaa cha mbwa.

Jina hilo la kichaa cha mbwa nalo lina matatizo yake. Ni kweli kwamba karibu asilimia 99 ya watu wanaokufa kwa ugonjwa huu wameambukizwa na mbwa, na kwa mzazi wa Njombe mbwa asiyechanjwa wa jirani ni hatari kubwa kuliko fisi maji wote wa mabondeni. Ila virusi hivi vinaweza kukaa kwa mnyama yeyote anayenyonyesha, na yule wa Florida ni ushahidi. Kwa makadirio yanayotumika sana, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania, wengi wao watoto wa vijijini. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, karibu kila anayetibiwa kwa wakati anapona. Sijui magonjwa mengi yenye mpaka mkali namna hiyo.

Kinachofanyika kwanza kinafanyika nyumbani, au pale pale mtoni: kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Si kumwagia kikombe kimoja. Dakika 15 ni ndefu kwa mtoto anayelia, hivyo mtu mmoja amshike na mwingine amwagie maji kutoka kwenye jagi au dumu. Sabuni ya mche inatosha. Majivu, chumvi, mafuta ya taa na majani yaliyotwangwa yakae mbali, na kidonda kisifungwe kwa kubanwa. Kisha safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo.

Hapa pana usumbufu ambao wazazi wa vijijini wanaujua: chanjo ya kichaa cha mbwa haipatikani kila zahanati, na maeneo mengi familia huilipia. Ukianzia zahanati ya karibu, mwombe mhudumu apige simu kuuliza chanjo iko wapi kabla hujapanda bodaboda, usije ukazunguka nusu siku. Jeraha la kina linaweza pia kuhitaji sindano ya kingamwili inayochomwa kuzunguka kidonda. Chanjo yenyewe hutolewa kwa dozi kadhaa kwa tarehe zilizopangwa, na kosa la kawaida ni kuacha baada ya ya kwanza kwa kuwa kidonda kimekauka. Kidonda kukauka hakuna maana yoyote hapo. Kwa kawaida ugonjwa huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, na wakati mwingine zaidi.

Shida kubwa ni kwamba mzazi anaweza asijue kabisa. Mtoto aliyekatazwa kwenda mtoni, akaenda, akang'atwa, ana sababu nzuri ya kunyamaza: fimbo. Atavaa soksi, ataficha mkono mfukoni, na baridi ya Uwemba inamsaidia kwa sababu kila mtu kajifunika. Kama nyumbani kwako kuna sheria ya kutokwenda bondeni, ongeza nyingine inayoipita: anayesema ameng'atwa hachapwi. Na uitimize siku hiyo, hata kama umekasirika kiasi gani.

Mtoto mchanga kando ya maji

Watoto wa huku ni mabingwa wa kusoma nyayo, basi wafundishwe na hii. Kinyesi cha fisi maji huachwa sehemu ile ile juu ya jiwe au ukingoni, na huwa kimejaa vipande vya magamba ya kaa. Wakikiona, wasonge mbele wachezee kwingine, na wasiingize mkono wala fimbo kwenye mashimo ya ukingo huo.

Wenye mabwawa ya perege wana hasira yao, na naielewa. Fisi maji mmoja anaweza kufanya bwawa kuwa jikoni kwake. Uzio wa wavu uliochimbiwa chini unasaidia. Kumtuma mbwa majini hakusaidii, maana majini fisi maji ndiye mwenye nguvu, na mbwa akirudi na majeraha atayaleta mlangoni kwako. Mbwa huyo awe amechanjwa.

Kuhusu kufuga, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumchukua mnyama wa porini na kukaa naye nyumbani bila kibali. Wale wa kwenye video wengi ni wa Asia, aina ndogo zaidi, na mahitaji ya kuwafuga huko yaliwapunguza porini hadi mwaka 2019 mkataba wa CITES ukazuia biashara yao ya kimataifa.

Mtoto akikuta kitoto cha fisi maji kinalia kando ya kijito, mama yake mara nyingi yuko umbali wa hatua chache, majini, anatazama. Kiachwe hapo hapo, mtoto arudi nyumbani kwa njia nyingine, na taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori. Akiwa ameshakibeba mpaka nyumbani, kabla ya kuuliza lolote, mshike mikono na ukague vidole kimoja kimoja, na ndani ya kiganja pia.