Dungusi Dogo Linalostahimili Theluji

Escobaria vivipara ni dungusi kakati dogo, mara nyingi linatosha kufunikwa kwa kiganja. Hata hivyo huota porini kuanzia kaskazini mwa Meksiko hadi mbuga za nyasi za Alberta, Saskatchewan na Manitoba nchini Kanada. Baridi ikikaribia, hupunguza maji mwilini, husinyaa na kujibana karibu usawa wa udongo. Utomvu uliobaki huwa mzito, hivyo haugandi kirahisi. Theluji ikiyeyuka, hunywa na kuvimba tena.

Mwingereza Thomas Nuttall, aliyesafiri kuupanda Mto Missouri mwaka 1811, ndiye aliyelipa jina la kwanza la kisayansi, likachapishwa mwaka 1813. Baadaye wataalamu wamelihamisha kutoka jenasi hadi jenasi: Mammillaria, Coryphantha, Escobaria, na siku hizi wengine huliweka katika Pelecyphora. Kwa hiyo vitabu viwili vyenye majina tofauti huenda vinazungumzia mmea uleule.

Mgeni anayetaka kulitambua hushughulika na miiba, nami namsihi aanze kwingine. Mwili wa dungusi hili hauna mbavu. Umejaa vinundu, na kila kimoja kimebeba kishada cha miiba: ile ya pembeni mingi, myembamba na myeupe, ya katikati michache na imara zaidi. Tazama upande wa juu wa kinundu kilichokomaa. Utaona mfereji mwembamba unaoshuka kutoka kwenye miiba hadi shinani. Mammillaria haina mfereji huo, na maua yake hujipanga kama duara mbali na kilele. Ya Escobaria huchomoza karibu na kilele chenyewe, ya waridi hadi zambarau, na petali za nje zina nyuzinyuzi ukingoni. Tunda likiiva hubaki kijani au hugeuka kahawia hafifu. Mche mchanga bado hauna mfereji kamili. Mche huo usubiriwe mpaka uchanue.

Kuhusu aina ndogo za dungusi hili, mabishano ni makali. Ile ya nyanda za kaskazini, vivipara yenyewe, ni fupi na hutoa machipukizi hadi kuwa kichaka. Rosea, ya milima ya Nevada na mashariki ya California, huwa kubwa zaidi na yenye miiba iliyosongamana. Kuna pia arizonica, bisbeeana na nyinginezo. Lakini ukitembea kutoka eneo hadi eneo, sura hubadilika polepole bila mpaka, na wataalamu kadhaa hawakubali mgawanyo huo. Naafikiana nao. Kwa mkulima, mahali mbegu ilikotoka ni muhimu kuliko jina: mmea wa kusini mwa Arizona usitarajiwe kuvumilia kipupwe cha Saskatchewan.