Bwawa la samaki: Pima njia ya maji kabla ya kushika jembe

Mkulima wa Milola, mkoani Lindi, anayetaka kufuga perege huuliza kwanza bei ya vifaranga. Faida yake inategemea zaidi swali jingine: maji yataingia na kutoka vipi?

Bwawa la mita 20 kwa 10, lenye kina cha mita moja, hubeba lita 200,000. Bomba la lita moja kwa sekunde litalijaza kwa zaidi ya siku mbili, bila kuhesabu yanayonywewa na udongo. Maji ya pampu yanalipiwa mafuta. Yanayoshuka yenyewe kutoka mfereji wa juu hayana bili.

Kununua bomba jembamba kwa sababu ni rahisi ni hasara. Kwa mteremko na urefu uleule, bomba la inchi 2 hupitisha zaidi ya mara tano ya lile la inchi 1. Kona nyingi nazo hupunguza kasi. Maji yaangukie bwawani kutoka juu ili yachukue hewa, maana samaki wanaohema juu ya maji alfajiri wamekosa oksijeni, na wanaweza kufa wote kabla jua halijapanda.

Linalosahaulika ni bomba la kutolea maji. Liwe chini kabisa, sakafu iinamie huko, na mdomo uwe na wavu. Wafugaji wa mwatiko wa mwambao husubiri maji ya bamvu yajaze bwawa na yakikupwa yalikaushe. Milola haina bahari. Asiyeweka bomba hilo atakodi pampu siku ya mavuno.