Rangi 12, batoto 60: namna ya kutunza vyombo vya desini kilasini

Wandugu wasomi, wengi kati yetu tulio na lisansi tunashika choki katika shule za msingi za Masisi na Walikale, tukingojea kazi ingine. Tangu gratuite ilianza mwezi wa Septemba 2019, vilasi vimejaa. Siku ya desini inafika, mwalimu anasema: kila mutoto alete rangi zake. Matokeo tunayajua. Yule ambaye famiya yake ilikimbia vita hana rangi, na siku hiyo haji masomo. Katiba, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure. Kwangu mimi, orodha kama hiyo ni minervali iliyobadilisha jina.

Afadhali vyombo vikuwe vya kilasi. Nunua boite moja ya kalamu 12 za rangi, kata kila moja katikati, unapata 24. Batoto 60 ni vikundi 12 vya watu watano: kila kikundi kalamu mbili, halafu wanabadilishana. Mwalimu mwenyewe ndiye anachonga, asubuhi. Ukiwaachia wembe, kalamu inaisha kwa kuchongwa, bila kusema juu ya vidole. Hesabu vyote mbele ya kengele ya rekreasio, maana nyuma yake hautapata kitu. Nyekundu ndiyo inapotea kwanza. Nyeupe haina mwizi.

Gundi usinunue. Vijiko viwili vya bunga ya muhogo, glasi mbili za maji ya baridi. Koroga mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwa moto, ukikoroga tu. Wanga inaanza kunata kati ya digrii 60 na 70, maji haijachemka bado. Ukianza na maji ya moto, bunga inashikana na umeharibu yote. Kuna mwenye atauliza: bunga ya chakula, na njaa hii? Ana haki. Ndiyo maana ni vijiko viwili kwa kilasi nzima, na upike kwako nyumbani, hapana mbele ya batoto ambao hawajakula. Pika ya siku moja tu, sababu inachacha, na mende na panya wanaipenda sana.

Rangi nyeusi ni makala iliyosagwa, kahawia ni udongo mwekundu uliochungwa. Changanya na gundi hiyo kidogo. Lakini utomvu wa ndizi uache kabisa! Doa lake halitoki kwa shati nyeupe ya shule, na mama wa mutoto atakuja kukuona.

Karatasi ni shida ingine. Kwetu mvua ni nyingi, na mchwa hawana likizo. Kata bidoni ya manjano upande wa juu, osha mafuta yote, ikauke vizuri, weka karatasi ndani, funika na kipande cha shitingi. Iweke juu ya mawe, mbali na ukuta. Kama shule inalaza wakimbizi usiku, rudi nayo nyumbani kila jioni: wanatafuta kitu cha kuwashia moto, na karatasi inawaka haraka.